Jambazi kaingia na panga: unaruhusiwa kumuua?



Ndugu msomaji, makala hii nilipaswa kuiandika zamani. Kilichonizuia ni aibu, kwa sababu inaanzia kwenye jibu nililolitoa mimi mwenyewe nikiwa na haraka ya kumaliza darsa.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari, na siku mbili kwa wiki huwa nasomesha fiqh msikitini mtaani kwetu, baina ya Magharibi na Isha. Mnamo Septemba 2022, wakati makundi ya vijana wenye mapanga waliokuwa wakiitwa Panya Road yalipokuwa yakivamia nyumba za watu jijini Dar es Salaam, hapakuwa na mazungumzo mengine mitaani. Watu walilala na mapanga uvunguni. Usiku mmoja ndugu yetu mmoja, fundi, mtu mpole asiyekosa safu ya mbele, alinyoosha mkono akauliza: "Ustadh, jambazi akikuingilia na silaha ukamuua, una dhambi?"

Adhana ya Isha ilikuwa imekaribia. Nikamjibu kwa Hadithi ambayo takriban kila mmoja wetu anaijua, aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.) na kuandikwa na Imam Muslim. Mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza afanye nini akijiwa na mtu anayetaka kumchukulia mali yake. Akaambiwa asimpe. Akauliza kama mtu huyo atapigana naye, akaambiwa naye apigane. Akauliza itakuwaje akiuawa, akaambiwa kuwa yeye atakuwa shahidi. Mwisho akauliza itakuwaje akimuua yule mvamizi, akajibiwa kuwa mvamizi ni mtu wa motoni. Darsa nzima ikapiga takbira. Yule ndugu hakupiga. Aliinamisha kichwa, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Baada ya wiki tatu alinisubiri nje ya msikiti watu walipokwisha kutawanyika. Amenikubalia niyaeleze aliyonisimulia bila ya jina lake, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha. Kwamba usiku mmoja mkewe alimwamsha, akatoka chumbani akakutana na kijana sebuleni, ana panga mkononi, anamjia. Yeye alikuwa na kipande cha nondo. Akampiga mkononi, panga likaanguka, kijana akatoka mbio. Ukelele wa "mwizi" ukapigwa, mtaa ukaamka, kijana akaangukia mtaroni nyumba ya tatu. Watu wakamzunguka. Fundi naye akafika, bado ana nondo yake, akampiga kichwani. Wengine wakamalizia kwa mawe. Polisi walipofika walikuta maiti na mtaa mtupu.

"Ustadh," akaniambia, "wewe ulisema yeye ndiye wa motoni. Mbona mimi silali?"

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani nikafungua vitabu, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kujibu. Niliyoyakuta si mageni, nilikwisha kuyasoma chuoni. Lakini kusoma mlango wa fiqh kwa ajili ya mtihani ni kitu kimoja, na kuusoma huku unamfikiria mtu unayeswali naye ni kitu kingine.

Wanazuoni wetu wamemwandikia mvamizi mlango maalumu. Wanamwita as-saail, yaani yule anayekurukia kutaka nafsi yako, kiungo chako, heshima ya ahali yako au mali yako. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia), ambaye kitabu chake cha Minhaj ndicho nguzo ya madhehebu ya Shafi tunayoifuata wengi wetu Afrika Mashariki, anakubali kwamba mvamizi huzuiliwa hata kwa kuuawa, na damu yake ikaenda bure, bila kisasi wala diya. Hapa ndipo wengi wetu tunapofunga kitabu. Mistari inayofuata inasema kuwa azuiliwe kwa kilicho chepesi zaidi. Kama atazuilika kwa maneno au kwa kupiga kelele za kuomba msaada, basi kumpiga ni haramu. Kama mkono unatosha, fimbo ni haramu. Kama kumkata kiungo kunatosha, kumuua ni haramu. Na kama mtu anaweza kukimbia akasalimika, basi kauli inayotegemewa katika madhehebu ni kwamba anawajibika kukimbia, na kupigana hakumruhusikii.

Nilipoyasema haya darsani baadaye, kijana mmoja alikasirika: "Ustadh, nimkimbie mwizi nyumba yangu mwenyewe?" Nikamuuliza, mkeo na watoto umewaacha na nani? Maana hilo nalo lina hukumu yake. Mwenye ahali ndani ya nyumba hakimbii akawaacha. Kuilinda heshima ya mwanamke asinajisiwe ni wajibu kwa mwenye uwezo, kwa kauli ya Nawawi, wala si suala la hiari. Mali ndiyo yenye hiari. Ukimwachia jambazi televisheni na simu ukanusuru roho tatu, hujapungukiwa na dini wala uanaume. Hadithi imeruhusu kupigania mali, na Nawawi anasema wazi kuwa si lazima. Mimi binafsi nawaona wengi wanaojigamba kufa kwa ajili ya pikipiki hawajawauliza watoto wao kama wanakubali biashara hiyo.

Ama nafsi, ikiwa anayekuvamia ni Muislamu, madhehebu yanaruhusu hata kujisalimisha usimnyooshee mkono, na wanazuoni hutaja kisa cha Khalifa Uthman (r.a.), aliyezingirwa nyumbani kwake Madina mwaka 35 Hijria akawakataza watu wake wasipigane kwa ajili yake. Hiyo ni daraja ya juu, simlazimishi mtu.

Sasa, je, mtu aliyeamshwa saa nane za usiku ana nafasi ya kuanza na maneno, kisha mkono, kisha fimbo? Wanazuoni hawakuwa watu wa kukaa darini wakahukumu mambo ya chini. Wamesema kwamba utaratibu huo huanguka pale mapambano yanapopamba moto na mtu hawezi tena kuupima. Wamesema pia kwamba asiye na kitu kingine mkononi isipokuwa upanga, atajizuia kwa upanga. Abu Hanifa alitenganisha hata usiku na mchana. Anayekujia mjini na fimbo mchana haimwondokei hadhi ya damu yake ukamuua, kwa sababu fimbo inachelewesha na watu wapo watakaokusaidia. Ama anayekujia na fimbo hiyo usiku, au na silaha yenye makali wakati wowote, hali yake ni nyingine, kwani msaada hauwahi. Fundi wetu alipompiga yule kijana sebuleni, panga likiwa linamjia, hakukosea kitu. Hata kama pigo lile lingemuua palepale, hukumu yake ingekuwa ile niliyoitoa darsani.

Tatizo ni pigo la pili.

Ibn Qudama, mwanachuoni mkubwa wa Kihanbali aliyefariki mwaka 620 Hijria, ameliandika jambo hili katika al-Mughni kana kwamba alikuwa pale mtaroni. Anasema mvamizi akipigwa akashindwa, haijuzu kumpiga mara ya pili, kwa kuwa shari yake imekwisha kuzuilika. Na anatoa mfano: ukimkata mkono akiwa anakujia, mkono huo umekwenda bure. Akigeuka kukimbia ukamkata mguu, mguu huo una kisasi au diya. Mtu yuleyule, usiku uleule, panga lilelile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza alikuwa anakuja, mara ya pili alikuwa anakwenda.

Ruhusa ya kuua haikutolewa kwa sababu mwizi ni mtu mbaya. Imetolewa kwa sababu ya hatari, na hatari ikiondoka inaondoka nayo. Kijana aliyelala mtaroni bila panga, amezungukwa na watu thelathini, ni mtuhumiwa wa kupelekwa mbele ya hakimu. Hata wale ambao Qur'an imewawekea adhabu nzito katika Suratul-Maida (5:33), wenye kufanya uharibifu na kuteka njia, adhabu yao iko mikononi mwa mamlaka, na aya inayofuata imewafungulia mlango wa toba wakitubu kabla hawajakamatwa. Tunaowapiga mawe barabarani huwa hatuwaachii hata dakika ya kutamka shahada.

Wengine hujitetea kwamba hakuna aliyeua, wameua "wananchi wenye hasira kali". Neno hili tumelizoea magazetini mpaka limekuwa kama jina la mtu. Katika zama za Umar bin al-Khattab (r.a.) kulikuwa na kundi la watu huko San'a, Yemen, waliomuua mtu mmoja kwa pamoja. Umar aliwaua wote kwa ajili ya mtu huyo mmoja, na akasema kwamba hata kama watu wote wa San'a wangeshirikiana katika mauaji yale, angewaua wote. Imam Malik ameipokea katika Muwatta. Kwa hiyo wingi wa mawe haumpunguzii mtu jiwe lake. Na katika madhehebu yetu kila mshiriki ana kafara yake peke yake.

Wapo pia wanaodhani kwamba maiti ikikutwa ndani ya nyumba yako basi kesi imekwisha. Ali bin Abi Talib (r.a.) aliulizwa habari ya mtu wa Sham aliyemuua mwanamume aliyedai kumkuta na mkewe. Jibu lake lilikuwa kwamba asipoleta mashahidi wanne, akabidhiwe kwa kisasi. Dai la mwenye nyumba peke yake halikutosha. Sheria ya nchi yetu nayo haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inampa mtu haki ya kujilinda yeye, mwenzake na mali, na inaruhusu haki hiyo ifikie hata kusababisha kifo pale mtu anapoamini kwa nia njema na kwa sababu za msingi kwamba hana njia nyingine. Lakini anayetumia nguvu kupita kiasi katika kujilinda akaua, kifungu cha 18B kinamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Kuna Hadithi nyingine katika Sunan ya Nasai ambayo siku ile ningeisoma badala ya kukimbilia takbira. Aliyeuliza aliambiwa kwanza amkumbushe mvamizi kuhusu Allah. Asiposikia, aombe msaada wa Waislamu walio jirani. Wasipokuwepo, aombe msaada wa mtawala. Mtawala akiwa mbali, ndipo apigane. Mtaa wenye namba ya simu ya mlinzi shirikishi, taa nje na mlango wenye komeo umeshafanya sehemu ya Hadithi hiyo kabla jambazi hajafika. Na mwenye familia akae na mkewe mchana, waelewane: nani anabeba watoto, wanajifungia chumba gani, nani anapiga simu, vitu gani vinaachwa vichukuliwe. Saa nane usiku si wakati wa kutafuta fatwa.

Nilimweleza fundi haya yote, nikamwomba radhi kwa jibu langu la nusu. Alitafuta wakili, wakaenda polisi kutoa maelezo. Ya huko si ya kuandikwa hapa. Kafara yake ya kufunga miezi miwili mfululizo alianza mwezi uliofuata.

Iliyobaki ilikuwa haki ya wenye damu, na hiyo haimaliziki kwa saumu. Tulimtafuta mama wa yule kijana, tukaenda watu watatu. Alitukaribisha ukumbini kwake, akamsikiliza fundi mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamuuliza kama mwanawe, alipopigwa kichwani, alikuwa na kitu mkononi. Fundi akamwambia hakuwa na kitu. Mama akanyamaza muda mrefu, akatuambia turudi Ijumaa akiwepo kaka yake, ndipo tuzungumze habari ya diya.