Asidi Nyumbani: Siki na Dawa ya Choo

Asidi ni kitu kinachoyapa maji protoni. Asidi hidrokloriki, iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia choo, huyapa maji karibu protoni zake zote. Asidi asetiki ya siki ni dhaifu: ndani ya siki, chini ya molekuli 1 kati ya 100 huwa imetoa protoni. Ndiyo maana siki hutiwa kwenye kachumbari, ilhali dawa hiyo huunguza ngozi na macho.

Hata hivyo, tunamwonya mtumiaji asichanganye kamwe asidi yoyote, hata siki, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Protoni za asidi huifanya dawa hiyo itoe gesi ya klorini, ambayo hudhuru mapafu. Asidi ikikumwagikia, osha mara moja kwa maji mengi.