SOMO LA ROBO HII: LINI TUHARAKISHE, LINI TUULIZE KWANZA?



Wazee walituachia methali mbili: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Zote ni za kweli. Kazi ya kamati ni kujua ipi itumike lini.

Njia mbili za kuamua

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alieleza kwamba binadamu huamua kwa njia mbili. Kuna njia ya haraka, ambapo jibu huja lenyewe. Kuna na ya polepole, ambapo tunalinganisha, tunahesabu na kuuliza. Mwaka 2009 yeye na mwenzake Gary Klein walionyesha kuwa hisia ya haraka huaminika pale ambapo mambo hujirudia kwa utaratibu, na mtu huona upesi matokeo ya alichofanya.

Ziwani

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Wavuvi waliwahi kufika kwa mitumbwi yao kusaidia. Watu 19 walifariki na 24 walinusurika. Wavuvi wale hawakuhitaji kuitisha kikao. Mvuvi akikosea kasia, maji humjibu papo hapo, na kwa miaka mingi mkono wake hujifunza.

Kibanjani

Migomba haitujibu upesi hivyo. Mnyauko wa bakteria, ambao wengi tunauita unyanjano, ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, na Muleba ni miongoni mwa wilaya zilizoumia. Mkulima anaona jani la njano, moyo unamwambia, "Ni jua tu." Anapogolea mgomba ule, kisha kwa panga ileile anahamia wa jirani. Siku hiyo haoni kosa lolote. Wiki kadhaa baadaye mgomba wa pili unanyauka, naye halihusishi tukio hilo na panga yake. Ndiyo maana uzoefu wa miaka mingi peke yake haukutosha kutufundisha.

Hapa inafaa kuuliza kwanza. Je, ndizi zinaiva kabla ya wakati? Ukiipasua ndizi, ndani ina rangi ya kahawia? Shina likikatwa linatoa usaha wa njano? Dalili hizi zikionekana, mwite bwana shamba. Ondoa ua dume mapema kwa mti wenye panda, na pitisha panga kwenye moto au ioshe kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine. Hata wataalamu walifikiri upya. Awali walishauri kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake. Baadaye utafiti ulionyesha kuwa si kila chipukizi huambukizwa, hivyo mkulima anaweza kukata mgomba uliougua tu, chini kabisa, na kurudia kila dalili zinapojitokeza.

Katika kamati zetu

Miradi mingi ya usharika inafanana na kibanja kuliko ziwa. Kisima kilichochimbwa mahali pasipofaa, au ng'ombe aliyekabidhiwa familia isiyo na malisho, hushangiliwa siku ya uzinduzi. Hasara huonekana baada ya mwaka au zaidi, wakati sadaka na fedha za wafadhili zimekwisha kutumika. Kwa hiyo mapendekezo ya kwanza yakipokelewa kwa makofi, mwenyekiti amwombe mjumbe mmoja aeleze ni nini kinaweza kuharibika. Kamati itembelee eneo, isikie kina mama watakaochota maji, na iandike kwenye muhtasari dalili zitakazoonyesha kuwa tumekosea.

Maswali ya kujadili

1. Someni Luka 14:28–30. Mjenzi yule alipaswa kuhesabu nini kabla ya kuanza?
2. Uamuzi gani wa kamati yetu ulipita haraka, na matokeo yake tutayaona lini?
3. Ni nani kati yetu mwenye uzoefu wa kweli wa jambo lililo mezani, na ni nani ambaye hatujamsikiliza?

Bwana atujalie mikono myepesi kuokoa na masikio mepesi kusikia.