Kitufe Katika Dashibodi: Mfano wa Kusomeshea Njia ya Umeme

Mada ya umeme katika madarasa ya juu ya skuli za msingi husomeshwa mara nyingi kwa mpango ule ule: maana ya umeme, vyanzo vyake, matumizi yake, kisha mchoro wa betri, swichi na globu ubaoni. Mwanafunzi huunakili mchoro kwa usafi, akapata alama zake, na akarudi nyumbani asijue kwa nini tochi ya mama yake haiwaki. Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi njia nyingine ya kuikabili mada hiyo, nayo ni kuanza na kitufe. Tumechagua kitufe cha ajabu kidogo: kile kinachotiwa katika dashibodi ya gari ili dereva afungue mlango wa banda la gari bila ya kushuka.

Itaulizwa: kwa nini mfano huo, hapa Pemba, ambako wenye milango ya namna hiyo ni wachache? Tumeuchagua kwa sababu unaleta swali. Watoto wengi wa Chake Chake, Wete na Mkoani wana jamaa walioko Muscat au Dubai, na habari za milango inayojifungua wenyewe wamezisikia au wameziona katika televisheni. Na hata asiyekuwa na jamaa huko, amekwisha kuliona gari linalofungwa milango kwa rimoti, likalia na kumweka taa. Mtoto akilitazama jambo hilo husema, "Mwalimu, mbona hakuna waya?" Swali hilo ni mali kubwa, na mwalimu asiliharibu kwa kulijibu siku ile ile.

Tahadhari moja ya lugha. Neno gereji, kwa mtoto wetu, ni mahali pa fundi: pana mafuta chini, gari lililopandishwa juu ya mawe, na kelele za nyundo. Mwalimu akisema "mlango wa gereji" darasa zima litafikiri habari nyingine. Aseme banda la gari, au geti. Vilevile neno sakiti lingoje. Watoto waanze kwa kusema njia ya umeme, na wakishaifuata njia hiyo kwa vidole vyao ndipo wapewe jina la kitabuni.

Somo la kwanza lina waya. Kila kundi la wanafunzi sita lipewe mawe mawili ya tochi ya volti 1.5, globu moja ya volti 2.5, nyaya mbili ndefu zifikazo mita tatu na vipande vifupi, sanduku la karatasi ngumu, na vipande viwili vya bati la kopo vilivyopigwa msasa mpaka vikang'aa, na kingo zake zimekunjwa zisikate vidole. Darasa la wanafunzi 48 litahitaji makundi 8 na mawe 16, na mawe hayo yatafaa kwa madarasa mengine pia iwapo hayataachwa yameungwa usiku kucha. Globu za kizamani zinazidi kuwa adimu madukani. Mwalimu akitumia taa za LED akumbuke kwamba hizo huwaka zikiunganishwa kwa upande mmoja tu, na mtoto asiyeambiwa hayo atapoteza kipindi kizima akiilaumu waya isiyo na kosa.

Sanduku ndilo dashibodi. Vipande vya bati hubandikwa juu yake, kimoja kikining'inia juu ya kingine bila ya kugusana, na hicho ndicho kitufe. Mawe hukaa ndani ya sanduku. Globu huwekwa mbali, mwisho wa nyaya ndefu, nayo ndiyo mlango: ikiwaka, mlango umefunguka. Mtoto mmoja hubonyeza, na wenzake hutazama upande wa pili.

Sasa waulizwe: kitufe kimefanya nini? Mwalimu ajiandae kusikia kwamba kitufe "kimetoa umeme", au "kimesukuma umeme kwenye taa". Asiyakemee majibu haya, kwani hata watu wazima wengi huamini hivyo. Awaombe watoe mawe, kisha wabonyeze. Halafu warudishe mawe, waweke kipande cha karatasi baina ya mabati mawili, wabonyeze tena. Baada ya majaribio haya mawili wengi watasema wenyewe kwamba kitufe hakina umeme wake, ila kinaunga mahali palipokatika, na kwamba njia haina budi kutoka kwenye jiwe na kurudi kwenye jiwe.

Kuwashwa kwa globu, hata hivyo, hakutoshi kuwa kipimo cha somo. Kundi lenye mtoto mmoja hodari litaiwasha globu, na watano waliobaki watakuwa wamepiga makofi tu. Na aghalabu hodari huyo ni mvulana ambaye kaka yake ni fundi, na wasichana wa kundi wameshikishwa nyaya kama misumari ya kuanikia nguo. Kipimo cha kweli ni hitilafu. Kwa hiyo mwalimu aharibu kazi za watoto kwa makusudi, kundi moja kwa namna hii na jingine kwa namna ile: hapa alegeze globu, pale aukate waya ndani ya ganda lake bila ya kuligusa ganda, kwingine agundishe karatasi nyembamba chini ya bati. Kisha amwite mtoto mmoja mmoja, akianza na wale waliokuwa nyuma, amwambie, "Mlango haufunguki. Tafuta."

Mtoto afundishwe njia ya kutafuta, asibahatishe. Achukue kipande kifupi cha waya na kukiegemeza juu ya sehemu anayoishuku, ncha moja kila upande. Taa ikiwaka, njia imekatika hapo hapo. Isipowaka, asogee kwenye sehemu inayofuata. Jambo moja lisimamiwe kwa ukali: waya huo usiruke kutoka ncha moja ya mawe hadi nyingine, kwani hapo umeme hupita bila ya kazi ya kufanya, waya ukapata moto na mawe yakaisha. Kwa mawe ya tochi hasara ni ndogo. Kwa betri ya gari, ambayo siku hizi iko katika nyumba nyingi kwa ajili ya taa za jua, spana ikigusa ncha zote mbili inaweza kumuunguza mtu vibaya, na mtoto alijue hilo kabla hajaondoka darasani.

Hitilafu tuipendayo zaidi ni ya kugeuza jiwe moja. Njia yote ni nzima, kila sehemu ikiegemezewa waya hakuna kinachobadilika, na taa haiwaki. Mtoto atakayefika mwisho wa njia na kusema, "Kosa liko kwenye mawe yenyewe," huyo ameelewa kuliko aliyekariri ukurasa mzima.

Somo la pili linarudi kwenye swali la mwanzo: mbona hakuna waya? Hapa hatuna haja ya vifaa. Watoto wanne wasimame mbele, kila mmoja akiwa mlango, na kila mmoja apewe siri yake ya makofi: huyu mawili ya haraka na moja la polepole, yule matatu sawasawa, na kadhalika. Mtoto wa tano akae nyuma ya darasa awe gari. Akipiga makofi, milango yote inasikia, lakini hufunguka mmoja tu, ule uliotambua siri yake. Rimoti hufanya hivyo kwa mawimbi ya redio. Rimoti nyingi hutumia masafa ya karibu megahezi 433, ambayo urefu wa wimbi lake ni karibu sentimita 69. Watoto waupime kwa rula. Hapo lielezwe jambo ambalo ndilo kiini cha somo: waya haukuondolewa katika njia. Njia ni mbili. Moja iko ndani ya gari na inarudi kwenye jiwe lake. Ya pili iko kwenye mlango na ina umeme wake. Baina yake kuna ujumbe tu.

Ikiwa muda unaruhusu, hisabati iingie. Rimoti nyingi za zamani zilikuwa na swichi ndogo ndogo za kupanga siri, kila moja ama juu ama chini. Swichi 3 zina mipango mingapi? Watoto waiorodheshe, watapata 8. Swichi 8 zina 256, na swichi 12 zina 4,096. Siri isiyobadilika ilikuwa rahisi kwa mwizi mwenye chombo cha kuinasa, na ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 rimoti zenye siri inayobadilika kila mbonyezo zimeenea.

Sasa mwalimu anaweza kueleza, au kumwalika fundi aeleze, kitufe kinavyotiwa katika dashibodi hasa. Fundi hufungua rimoti ya mkononi. Ndani hukuta kibao chembamba cha sakiti, jiwe dogo, na kitufe. Hulehemu nyaya mbili nyembamba kwenye miguu ya kitufe hicho na kuzipeleka kwenye kitufe kipya alichokitobolea tundu katika dashibodi. Vitufe vingi vya rimoti vina miguu minne iliyoungana miwili miwili. Akilehemu kwenye miwili ambayo tayari ni kitu kimoja, kitufe kipya hakitafanya lolote, kwa hiyo hupima kwanza kwa mita. Mtoto aliyezoea kuegemeza waya ataielewa kazi hii mara moja. Jiwe la rimoti huachwa mahali pake. Betri ya gari ni ya volti 12, na injini ikiwaka hufika karibu 14. Rimoti ya volti 3 ikiunganishwa nayo moja kwa moja huungua. Na rimoti yenyewe hufichwa nyuma ya plastiki, mbali na bati, kwani chuma huzuia mawimbi.

Kuna jambo la usalama ambalo halifai kupitwa. Mlango wa banda ni mzito, na aliye garini huenda asimwone mtoto aliyekaa chini yake. Huko Marekani watoto waliwahi kufa kwa kubanwa na milango hiyo, na tangu mwaka 1993 mashine mpya za kufungulia milango ya majumbani zinalazimika kuwa na kinga ya ziada, kama vile jicho la mwanga linaloona kilichomo mlangoni na kuurudisha mlango juu. Watoto wetu wajue kwamba kitufe cha namna hii si cha kuchezea, wala mlango wake si wa kupita mbio.

Swali la kupimia tunalopendekeza ni hili. Pemba ilipata umeme wa gridi kutoka bara mwaka 2010, kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Tuseme umeme umekatika Wete usiku. Dereva anafika nyumbani, anabonyeza kitufe, na mlango hautikisiki. Kipi kimefanya kazi na kipi hakikufanya? Dereva afanye nini? Tunatarajia mwanafunzi aseme kwamba njia ya garini ni nzima na ujumbe umetoka, ila mota ya mlango haina umeme. Na tunatarajia walau mmoja aulize kama mlango huo una kamba au wenzo wa kuufungua kwa mkono. Unao.