Je, zebaki ndiyo inayoninyonyoa?

Swali: Daktari, nina miaka 45, nachimba dhahabu Nyamongo, Tarime. Nywele zinapungua utosini na pembeni mwa paji. Wenzangu wanasema ni zebaki.

Jibu: Ndugu yangu, zebaki iogope kwa ajili ya ubongo na figo zako. Upara wa namna hiyo kwa kawaida hurithiwa, upande wa baba au wa mama (wajomba wanalaumiwa bure peke yao). Homoni iitwayo DHT husinyaza mashina ya nywele, kila nywele mpya ikiota nyembamba kuliko iliyotangulia. Minoksidili ya kupaka huwasaidia baadhi. Ukiiacha, zilizookolewa hudondoka. Zikitoka kwa mabaka, au kisogo kikiota vipele baada ya kunyolewa, wahi hospitali ya wilaya kabla kovu halijaziba mashina.