Kulipia Hewa Ukaa: Ngitili Zetu Zinasema Nini?



Somo la robo hii linatokana na swali la baadhi ya wafadhili. Mtu akisafiri kwa ndege kutoka Ulaya kuja kuona miradi ya Shinyanga na Geita, je, anaweza kulipia miti hapa ili ifidie hewa ukaa ya safari yake? Kwenda na kurudi, abiria mmoja husababisha zaidi ya tani moja. Mtanzania wa kawaida hafikishi hata nusu ya hiyo kwa mwaka mzima kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe anayotumia.

Wapinzani wanafananisha malipo haya na vyeti vya msamaha alivyovikataa Martin Luther mwaka 1517: mwenye fedha analipa, kisha anaendelea kama jana. Watetezi wanajibu kwamba hewa haina mpaka, na tani iliyozuiwa Kahama ni sawa na iliyozuiwa Berlin. Makanisa ya Ujerumani yenyewe yalianzisha mfuko wa namna hii, Klima-Kollekte, mwaka 2011. Basi tusilimalize jambo kwa mfano mmoja, ingawa kwa Mlutheri mfano huo ni mtamu.

Tutazame nyumbani. Miti ya Usukumani ilifyekwa miaka mingi ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), mradi uliorudi kwenye desturi ya wenyeji ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Ngitili zilizojulikana wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, zikilindwa kwa maamuzi ya dagashida na kwa sungusungu.

Hakuna aliyelipwa kwa ajili ya hewa ukaa. Watu walitaka majani, kuni, dawa na asali, faida ambazo utafiti wa IUCN na Wizara ya Maliasili wa mwaka 2005 ulizikadiria kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Hapo ndipo penye ugumu. Sharti la biashara ya kaboni ni kwamba fedha ilete jambo ambalo lisingetokea bila fedha hiyo. Mzee aliyetunza ngitili yake tangu 1990 ana kidogo sana cha kuuza; jirani anayetishia kukata msitu ndiye anayeweza kulipwa ili aache. Sioni haki hapo.

Shirika la TaTEDO lilifanya majaribio ya malipo ya kaboni kwenye ngitili za Shinyanga kwa fedha za Norwei. Ngitili nyingi ni ndogo, za kaya moja moja, na kila moja inataka kupimwa na kukaguliwa. Wapimaji nao hulipwa.

Tena iko Geita. Ngitili ikifungwa Kahama, mkaa wa mjini na magogo ya kushikilia kuta za mashimo ya dhahabu vitatafutwa kwingine, pengine Bukombe. Mlipaji ataonyeshwa hekta iliyofungwa, si ile iliyofyekwa.

Kwa maoni yangu, usharika usisaini ahadi ya miti kusimama miaka 30 kwa ajili ya safari ya mtu. Moto mmoja unatosha kuivunja. Majiko banifu ni afadhali, ingawa utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa miradi mingi ya majiko nayo ilihesabu kupita kiasi. Wafadhili wapunguze safari, na wakitoa, watoe sadaka tu.

Kamati itakayofuatwa na kampuni ya kaboni ikumbuke kwamba tangu 2022 zipo kanuni za Serikali, na kipo Kituo cha Taifa cha kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, cha kuuliza. Ardhi ya kijiji huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, si na baraza la wazee wa kanisa.

Kwa mjadala: katika usharika wenu, ni nani wanaotunza ngitili leo, na nani angeshika fedha kama zingekuja?