Kuhesabu Viumbe vya Msitu kwa Kipimo Kimoja



Jirani yako akikuambia amevuna 40 na wewe umevuna 25, huwezi kujua ni nani aliyemshinda mwenzake mpaka umuulize: ni magunia au ni madebe? Na ni katika ekari ngapi? Swali hilo hilo limewasumbua sana mabwana misitu wa nchi nyingi. Yafaa nawe ulifahamu, maana kwa hesabu hizo nchi moja husifiwa kwa kutunza viumbe vya msituni na nyingine hulaumiwa.

Norwei ilianza kupima misitu ya nchi nzima mwaka 1919, Ufini 1921, Uswidi 1923. Wakati huo iliyotafutwa hasa ni mbao. Baadaye watu wakataka kujua habari za ndege, wadudu na uyoga pia, lakini kila nchi ilikuwa na desturi yake. Ujerumani huanza kuhesabu mti wenye kipenyo cha sentimita 7, Ufaransa 7.5, Uswisi 12. Basi mti mwembamba unaoandikwa Ujerumani, Uswisi hauingii kitabuni, ingawa msituni umo.

Hata magogo yaliyooza huhesabiwa. Sisi tukiyaona twafikiri kuni tu, kumbe ni nyumba ya kigogota na chakula cha wadudu wengi.

Tena angalia jambo hili, ndipo wengi hukosea. Ukipata magunia 5 katika robo ekari, waweza kukisia 20 kwa ekari nzima. Lakini ukiona namna 12 za miti katika robo ekari, usiseme ekari ina namna 48! Robo ya pili itakuwa na miti mingi ile ile uliyokwisha kuiandika. Kwa hiyo idadi ya namna za miti hailinganishwi ila viwanja viwe vya ukubwa mmoja.

Kati ya 2004 na 2008 wataalamu wa Ulaya walikutana kutengeneza jambo hili. Hawakuitupa mitindo ya zamani, kwani kumbukumbu za miaka mingi zingepotea bure. Walipatana juu ya maana moja, kisha kila nchi igeuze hesabu zake zifuate maana hiyo. Aliyepima vidogo mno huviondoa, na hiyo ni kazi rahisi. Asiyevipima hana budi kukisia kwa hesabu, au kurudi msituni na utepe.

Hata kwetu maana zapishana. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huita msitu mahali pa nusu hekta (kama ekari moja na robo), penye miti ya kufika mita 5, matawi yakifunika sehemu 10 kwa 100. Kenya hutaka eneo lile lile, lakini miti ya mita 2 na kivuli cha 15 kwa 100. Hivyo kichaka cha miti isiyopita mita 3 chaweza kuwa msitu Nairobi na kisiwe msitu katika kitabu cha Shirika.

Ukitaka kupima miti yako, simama upande wa juu wa mteremko, pima mita 1.3 kutoka ardhini, zungusha utepe wa fundi cherehani, kisha gawanya kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 31.4 ni kipenyo cha 10. Andika pia ukubwa wa kiwanja, na mti mwembamba kuliko yote uliokubali kuuhesabu.