Kicheko Penye Dhiki: Futuhi na Mapenzi katika Filamu za Awali za Sauti za Kijerumani, 1930–1932

Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa, futuhi aghalabu huketishwa nyuma ya tanzia. Sinema ya Ujerumani haikuepuka hali hii. Inapozungumziwa sinema ya kipindi cha Jamhuri ya Weimar (1919–1933), hutajwa kwanza Das Cabinet des Dr. Caligari (1920), Metropolis (1927) na M (1931), kazi zilizotawaliwa na giza na hofu. Filamu za vichekesho, nyimbo na mapenzi zilizopendwa mno na umma wakati huo huo huchukuliwa kuwa porojo za kuwasahaulisha watu njaa. Siegfried Kracauer, katika kitabu chake cha mwaka 1947, aliziona filamu za aina hii kuwa ndoto za mchana tu.

Makala haya yanachunguza filamu tatu za utanzu huo na kudai kwamba hukumu hiyo ni nusu ya ukweli. Kicheko katika filamu hizi hakikukana dhiki. Kilisimama juu yake.

Sauti na Suala la Lugha

Wahandisi Hans Vogt, Jo Engl na Joseph Massolle walionyesha filamu zenye sauti mjini Berlin mwaka 1922. Hata hivyo, ni mwaka 1929 ambapo kampuni ya Ufa ilijenga studio za sauti huko Neubabelsberg na kutoa Melodie des Herzens, filamu yake ndefu ya kwanza ya sauti.

Filamu bubu ilivuka mipaka kwa urahisi, kwani yaliyohitaji kutafsiriwa yalikuwa maandishi machache yaliyowekwa baina ya picha. Sauti ilipoingia, filamu ilifungwa ndani ya lugha. Mzaha nao huishi katika matamshi, lafudhi na wakati maalumu wa kusema neno, mambo ambayo tafsiri huyapoteza kwa wepesi. Ufumbuzi wa Ufa ulikuwa kuigiza hadithi ile ile upya kwa lugha nyingine, katika mandhari yale yale. Mwigizaji Lilian Harvey, aliyezaliwa London, alimudu Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa. Hivyo aliweza kubaki katika nafasi yake huku waigizaji wenzake wakibadilishwa.

Urafiki na Ufukara

Die Drei von der Tankstelle (Watatu wa Kituo cha Petroli), iliyoongozwa na Wilhelm Thiele, ilizinduliwa Berlin tarehe 15 Septemba 1930. Siku moja tu kabla, chama cha Nazi kilikuwa kimepanda kutoka viti 12 hadi 107 bungeni. Msuko wake unaanza kwa kufilisika: marafiki watatu wanarejea kutoka safarini na kukuta samani zao zikipigwa lakiri za mahakama. Badala ya kulia, wanaimba. Wanauza gari lao, wanafungua kituo cha petroli na kufanya kazi kwa zamu. Kila mmoja anampenda msichana yule yule bila wenzake kujua.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Filamu hii inaugeuza msemo huo kuwa swali: je, urafiki uliostahimili ufukara utastahimili mapenzi? Mwishoni, wapendanao wanatokea mbele ya pazia na kushangaa kuona hadhira bado imeketi. Wanatambua kwamba watu hawatatoka bila tamati ya fahari, nayo inaletwa papo hapo. Filamu inaufichua uongo wake yenyewe. Haimdanganyi mtazamaji kwamba maisha humalizika hivyo.

Kitanda Kimoja, Watu Wawili

Mwanzoni mwa 1932 Wajerumani zaidi ya milioni sita hawakuwa na kazi. Mwaka huo Ludwig Berger alitoa Ich bei Tag und du bei Nacht (Mimi Mchana, Wewe Usiku). Grete hutengeneza kucha za wateja mchana na kulala usiku. Hans ni mhudumu wa klabu ya usiku na hulala mchana. Mama mwenye nyumba amewapangisha chumba kimoja na kitanda kimoja kwa zamu. Hawajaonana kamwe, lakini kila mmoja anamchukia mwenzake kwa fujo anazoziacha chumbani. Wanapokutana nje wanapendana bila kutambuana, kila mmoja akimdhania mwenziwe kuwa tajiri.

Hapa kinaya kinafanya kazi kubwa. Umaskini ndio unaowatenganisha, na ndio unaowaunganisha. Aidha, jirani na chumba hicho kuna ukumbi wa sinema unaoonyesha filamu ya anasa. Nyimbo na fahari za filamu hiyo zinapambanishwa na maisha ya wawili hawa, na hivyo filamu inaikejeli sinema ya ndoto ambayo yenyewe ni sehemu yake.

Mapenzi Yasiyotimia

Der Kongreß tanzt (Kongamano Lacheza Dansi, 1931) ya Erik Charell inarejea Vienna ya 1814–1815. Christel, muuza glavu, anapendwa na Alexander wa Kwanza, mfalme wa Urusi. Katika onyesho mashuhuri anapelekwa kwa gari la farasi kwenye jumba la kifahari, akiimba njia nzima huku kamera ikimfuata. Lakini habari za kurejea kwa Napoleon zinalitawanya kongamano. Mfalme anaondoka, Christel anabaki. Historia haikumwomba ruhusa.

Mwaka 1933 na Baadaye

Nayo historia haikuwaomba ruhusa waliozitunga filamu hizi. Hitler alitwaa madaraka Januari 1933. Mwezi Machi, Ufa iliamua kuvunja mikataba ya wafanyakazi wake Wayahudi. Mtayarishaji Erich Pommer, mtunzi wa muziki Werner Richard Heymann na mwongozaji Thiele walikwenda uhamishoni. Kurt Gerron, aliyeigiza wakili katika Die Drei von der Tankstelle, alikimbilia nje, akakamatwa Uholanzi na kuuawa Auschwitz mwaka 1944. Filamu hiyo na Der Kongreß tanzt zilipigwa marufuku mwaka 1937.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba lakiri za mahakama, kitanda cha zamu na kuondoka kwa mfalme si mapambo ya vichekesho. Ndiyo misingi ya misuko yake. Ni kweli kwamba filamu hizi hazikutoa suluhisho la kisiasa, na miisho yake ya furaha mara nyingi ni ya kubahatisha. Hata hivyo, aliyecheka alijua anachokicheka, kwa kuwa alikuwa amekiacha nyumbani kwake. Mhakiki wa futuhi, kwa lugha yoyote ile, hana budi kuuliza si tu watu wanacheka nini, bali wanacheka wakiwa wamesimama wapi.